Kilomita Mia Nne na Kumi Hadi kwa Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe rasmi kwa nafsi yangu: leo, mbele ya Kidato cha Pili, rula ya mbao ya shule imepima ramani ya ukutani na kuthibitisha kwamba kutoka uwanja wetu wa ndege hadi uwanja wa mji anakoishi kaka ni kilomita mia nne na kumi, kwa mstari ulionyooka. Darasa likapiga makofi. Mwalimu wa jiografia, yaani mimi, akainamisha kipara kwa unyenyekevu.

Balaa ni kwamba miaka sita sasa namwambia kaka ni mbali. Na kwa basi ni mbali kweli – linazunguka milima yote, unashuka wewe, kiuno kinabaki njiani. Lakini tangu mwezi jana kuna ndege. Dakika hamsini na tano! Mke wangu anasema kutafuta miwani tu huwa natumia zaidi ya hapo.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji, mke wa kaka, kapiga simu. Sukari imeula mguu wa kaka. Ijumaa saa kumi jioni wanaukata, chini ya goti. Kaka hajaomba kitu, ila nifike kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nikaanza kumweleza shemeji habari za upepo wa mbisho, ule unaoipiga ndege usoni, na mawingu ya msimu huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemaliza.

Tiketi nimekata. Mkuu wa shule kanipa ruhusa upesi mno. Imeniuma kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga begi. Nimefungua. Nimefunga. Mke wangu kapita mlangoni, kaliangalia begi, kaenda zake. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Ijumaa, 7 Machi

Uwanja wenyewe ni ukumbi mmoja na mizani. Mhudumu kapima begi, kisha kanipandisha na mimi – ndege ni ndogo, kila kilo ina neno. Akaisoma namba kwa sauti. Foleni nzima sasa inanifahamu.

Haya, ukweli. Shemeji nimemwambia ndege imeharibika. Haikuharibika. Saa tatu waliita abiria. Wakaita jina langu mara tatu, na ya tatu mhudumu alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia si mimi. Yule yule aliyenipima! Ikaruka na kiti changu kitupu.

Kuruka siogopi. Kaka ndiye aliyenifundisha baiskeli, asubuhi nzima akikimbia nyuma yangu kashika tandiko, mimi nalia asiniachie. Siwezi kuutazama ule mguu ukiwa bado upo.

Sasa hivi kaka kapiga simu mwenyewe. Sauti juu, kama mtu aliye harusini. Kawaambia madaktari hapandi meza yao mpaka amwone mdogo wake. Daktari kakasirika, kasema kila siku wanayosubiri, kisu nacho kinapanda juu.

"Ndege itapona lini, bwana mdogo?"

Nikamwambia fundi bado yuko juu ya bawa.

Ndege imeshakwenda na kurudi. Naiona dirishani, wanaifagia. Inaondoka tena saa nane, na nafasi zipo. Mhudumu amekuja kuniuliza, kwa adabu zote, kama sasa nimekuwa mimi.