Picha Haikuonyesha Kitu

Rafiki yangu Ndunge,

Ni miezi saba tangu tukuzike hapa Mbumbuni, na kanisani bado nakaa kiti cha nyuma nisitazamane na binti zako.

Juzi nilipelekwa hospitali Kitui, mgongo umenikaza siwezi kuvaa kiatu. Daktari wa mazoezi, msichana mdogo tu, hakuniomba picha ya eksirei. Alinilaza chali, akaweka mguu wangu mmoja juu ya goti la pili, kisha akalisukuma goti la juu kuelekea kitandani. Nililia. Akanigeuza, akabonyeza juu ya tako la kulia, pale pale ulipokuwa ukiweka kidole ukisema, "Ni hapa, Mama Kioko, si pengine." Alisema ni kiungo kinachoshikanisha nyonga na uti wa mgongo, na kwamba mara nyingi eksirei haionyeshi shida yake. Aliijua kwa dakika chache. Wewe uliteseka miaka mitatu.

Nami ndiye niliyeinua eksirei yako juani mbele ya mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana matuta kwa zamu. Mimi, mwenyekiti. Nikasema, "Mifupa ni mizima. Huyu amechoka na jembe tu." Wanawake walicheka. Nawe ulicheka kidogo, kwa aibu. Tukakata shauri kwamba asiyechimbia wenzake hachimbiwi. Mvua ilipokaribia nilikuona shambani kwako, peke yako, unachimba ukiwa umepiga magoti. Nikapita. Ndunge, nilikuona na nikapita.

Watu husema uliuawa na homa ya mapafu, kana kwamba hilo linaniondolea kitu. Ulikufa ukiitwa mvivu, na jina hilo nilikupa mimi.

Nafanya mazoezi niliyopewa, asubuhi na jioni. Nikiwa bado na maumivu, kuna sindano ya kuchomwa kwenye kiungo chenyewe. Lakini naona sitaihitaji, nimeanza kupona, na kupona huku sikutaki. Kila nikiinuka bila kushika ukuta najua nawe ungeinuka hivi. Naomba msamaha na hakuna anayejibu.

Jumanne mwethya unakutana kwangu. Nakuahidi nitawaita binti zako, nisimame mbele yao na kusema nilichokufanyia, bila kukipunguza. Wakinichukia ni haki yao.

Wewe hutasikia. Pumzika, rafiki yangu. Hukuwa mvivu hata siku moja.

Mama Kioko