Nusu ya Sponji

Bagamoyo, 3 Aprili 2025

Mdogo wangu Hamoudi,

Asalaam alaykum. Nimepoteza samaki kumi na saba kati ya ishirini na wanne, tangu mkesha wa Idi hadi asubuhi hii. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Natumai wewe na mkeo Kholood hamjambo; mimi afya ninayo, moyo sina.

Nilikuachia duka langu la samaki wa mapambo siku saba nikaenda Pangani kwenye khitma ya shangazi. Nilikuomba uwape chakula tu. Nimerudi, sponji ya kichujio cha tangi nyeupe kama mpya. Mle ndimo walimokaa bakteria wanaokula sumu ya mavi ya samaki. Niliwalea siku thelathini na nane katika tangi tupu, nikitia chakula kioze, nikipima maji kila alfajiri. Nani ameiosha?

Dada yako,
Zuwena

Mapinga, 5 Aprili 2025

Dada Zuwena,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Sisi wazima, pole kwa msiba wa samaki.

Niliosha mimi. Nyumba nzima ilikuwa inasuguliwa kwa ajili ya Idi, hata mapazia yamefuliwa, na wageni wanapitia dukani kwako. Sponji nyeusi, inateleza kama kamasi! Niliifikicha bombani mpaka ikatakata, nikijua utanishukuru. Kholood anasema hajapata kuona mtu anayelilia uchafu. Samaki watazaana, dada.

Mdogo wako,
Hamoudi

Bagamoyo, 8 Aprili 2025

Hamoudi,

Marahaba. Mwambie Kholood nimemsikia.

Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na wangu wamekufa wote. Samaki wamebaki wanne, majike wa mbegu ninaowazalishia wa kuuza. Kila siku nabadilisha robo ya maji na sumu bado inapanda. Siku thelathini na nane nyingine hawa hawazifikishi, na bila hawa sina duka.

Barua yako yote haikutaja ile nusu ya sponji niliyokukatia kwa mkasi wangu tarehe 23 Machi, ulipokuja kulalamika kwamba samaki wako wanakufa. Jirani yangu Mardhiya alipita kwako jana. Samaki wako wazima, na sponji yako ni nyeusi, inateleza. Idi haikufika Mapinga?

Nataka kipande chake cha ukubwa wa kiganja, chenye bakteria wangu wazima, kimelowa maji ya tangi lako, Ijumaa hii kabla ya laasiri. Salamu usiandike. Unanipa, au hunipi?

Zuwena