Papa Ameomba Kalamu

Masisi, Jumatano, Desemba 1959

Mvua imekatika tangu asubuhi, na vilima vimetoka ndani ya ukungu vikiwa vya kijani hadi macho yanauma. Nimekaa mlangoni na ungo wa maharagwe ambayo sijayachambua. Leo sina haraka na maharagwe.

Bauma ameshinda.

Naandika tena nione kama ni kweli. Mikaeli Bauma, mulimaji wa viazi wa kilima chetu, ameshinda uchaguzi na ataingia katika baraza la teritware, yaani la wilaya yetu nzima. Hadi mwaka huu, watu wa kutusemea walichaguliwa na Wabelgiji ofisini. Tulikuwa tunaona mtu anapita amevaa koti, tunaambiwa huyo ndiye mdomo wenu. Hakuna aliyetuuliza. Mwaka huu ofisi ikatangaza kwamba wanaume wote watu wazima watachagua wenyewe, kila mtu peke yake nyuma ya pazia.

Aliyeshindana naye ni Leonardi, kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa shamba la pareto la ng'ambo ya bonde. Ni yeye aliyesimamia kazi siku shamba lilipopanuka na waya wa miiba ukazunguka chemchemi yetu. Tangu hapo sisi wanawake tunateremka hadi mtoni bondeni, tunapanda na mitungi mgongoni. Papa Sebastiani, mfugaji wa kilima cha pili anayetuuzia maziwa, anazungusha ng'ombe wake mlima mzima kabla hawajanywa.

Bauma alikwenda ofisini kuuliza kwa nini. Wakamfungia kasho, jela ndogo ya ofisi, kwa kosa la kukosa adabu. Alipotoka alinyoa ndevu, akala viazi, akarudi kuuliza tena. Kwa hiyo watu walipotafuta mtu wa kumweka, hawakutafuta sana.

Lakini kumtaka Bauma ni jambo moja, kumchagua ni lingine. Asiyejua kuandika alipaswa kumtajia karani jina, karani amwandikie. Na karani aliyeletwa ni yule wa shamba la pareto. Leonardi akapita kwa wafanyakazi mmoja mmoja, kwa upole kabisa, akisema karani ana masikio mazuri.

Papa yangu anakausha maua ya pareto kule. Jioni ile aliingia, akakaa, hakugusa ugali.

“Josefina, mimi nitataja Leonardi,” akasema. “Wakinifukuza, tutakula nini?”

Nilikasirika. Halafu nikaona mikono yake iliyopasuka kwa joto la tanuri la kukaushia maua, hasira ikaniishia. Mimi ninafundisha wasichana kusoma na kushona kwa masista. Ni rahisi kwangu kuwa jasiri.

“Papa, kama unaandika weye mwenyewe, karani atasikia nini?”

Akacheka. Akasema mkono wake unajua jembe tu.

Jumapili baada ya misa nilimwaga majivu uani, nikayasawazisha, nikampa kijiti. Jina la Bauma ni fupi, tena herufi moja inajirudia. Tulianza na hiyo. Papa alichora A iliyolala kama mtu mgonjwa. Akaifuta kwa kiganja, akachora nyingine.

Wiki iliyofuata jirani mmoja alikuja kuazima shoka, hakuondoka. Mwengine akaja kuomba moto. Halafu nikamwona Papa Sebastiani anashuka na fimbo yake ndefu. Niliogopa kidogo, maana watu wake na watu wetu hawakosi maneno juu ya ng'ombe kuingia maharagweni. Alisimama akatazama B yangu kwenye majivu muda mrefu.

“Hii iko kama ngombe ya mimba,” akasema.

Uani wote ukacheka. Akaichora kwa ncha ya fimbo, nzuri kuliko ya wote, na Papa akamsogezea kiti. Tangu siku hiyo kila mtu pale aliita herufi ile Ngombe, na Jumapili nyingine Sebastiani alileta ndugu zake.

Siku ya kuchagua, mstari ulianza kwenye mlango wa shule ya misioni ukafika barabarani. Leonardi alisimama pembeni, kofia kichwani, akisalimia kila mfanyakazi kwa jina lake. Nilitaka kukaa karibu na mlango. Polisi akaniambia, “Mama, simama kule kwa majani. Hii ni kazi ya wanaume.” Nikaenda kusimama kwa majani.

Lakini dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia karani anamuuliza Papa, “Nani, Muzee?”

Nikasogea dirishani hatua moja.

“Nipe kalamu,” Papa akasema.

“Umejua kuandika tangu lini?”

“Nipe tu kalamu.”

Alikaa nyuma ya pazia hadi watu wakaanza kunung'unika. Baadaye aliniambia kwamba M ilimpotea. Alifumba macho akayaona majivu ya uani, ndipo ikarudi. Alitoka na jasho usoni, karatasi imekunjwa, akaitumbukiza kisandukuni. Hakumtazama Leonardi wala mimi.

Aliyemfuata akaomba kalamu.

Na wa nyuma yake. Nikasikia sauti ya Papa Sebastiani, polepole kama kawaida yake, naye anaomba. Wengine walitaja majina kwa karani kama walivyoambiwa, na siwalaumu. Ila karani alikaa muda mrefu bila kazi, mikono mezani.

Leo matokeo yalisomwa mbele ya ofisi. Jina la Bauma lilipotajwa, wanawake tulipiga vigelegele hadi msomaji akaacha kusoma. Papa alikuwa amenishika mkono, akanibana vidole bila kujua. Baada ya hapo amekwenda kazini kama kila siku tangu uchaguzi, na hakuna aliyefukuzwa. Maua yako tayari, na nani atayakausha kama wote wameomba kalamu?

Leonardi alivua kofia, akapita katikati ya watu hadi kwa Bauma.

“Basi ni weye umeshinda,” akasema. “Muke yangu naye iko nateremuka mutoni kuchota maji, unajua?”

“Ninajua,” Bauma akajibu. “Tunakutanaga naye kwa njia.”

Wakashikana mikono. Sijui baraza hilo lina nguvu gani. Waya bado uko pale. Lakini leo nimeona watu wanarudi vilimani kwao wakitembea katikati ya barabara, si pembeni kama siku zote.

Ninakiri jambo moja hapa. Nililia, na si kwa furaha peke yake. Mimi niliwafundisha, mimi ninaandika bila kufumba macho, na kalamu ile sikupewa.

Kwa hiyo nilimngoja Bauma njiani, nikamuuliza atasema nini kwanza barazani.

“Maji, dada Josefina.”

“Na ukimaliza maji, sema wanawake nao waingie nyuma ya pazia.”

“Ile itakuwa kazi nguvu, haitakuwa rahisi.”

“Ni sawa. Nitakuwa nakuja kwako kuuliza, kama weye ulivyoenda kuuliza kwao.”

Akacheka, akaniahidi. Nitakwenda Jumapili hii, na Jumapili nyingine. Na siku mlango utakapofunguliwa kwa wanawake, mstari utaanza na mimi.