Shaba ya Kulungu Imepatikana, Baba

Mzee Saadi Ashiraf, sonara wa Bomani, Tarime

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke, na safari hii tuna habari tuliyoshindwa kuikalia kimya.

Rashi ya dhahabu ilipopamba moto na nusu ya Tarime ikakimbilia machimboni, wewe uliyeshika dhahabu yao kutwa nzima ulikuwa ukihangaikia shaba: tokeni za Marekani, vipande adimu walivyotumia kama sarafu walipokuwa bado koloni la Waingereza. Mgeni mmoja wa hoteli kule Ikoma ulimtengenezea pete, akakupa tokeni yenye kulungu. "Swala wetu huyu, alipotelea ng'ambo," ukawa unawaambia wateja, ukiwashikisha hata wasiotaka.

Kisha, baada ya Idi yako ya mwisho, ikapotea siku karakana ilipofurika wachimbaji. Wa mwisho kutoka alikuwa rafiki yako Waitara wa Nyarero, na mtaa mzima ukamnyooshea kidole. Ulikataa katakata. "Mchimbaji gani ataacha dhahabu mezani aibe shaba?" Hata hivyo Waitara aliona aibu, akakata mguu karakanani. Hilo lilikuuma kuliko tokeni yenyewe. Mpaka hospitalini ulikuwa ukimuulizia.

Vumbi la karakana hukuwahi kulitupa. Lilifagiliwa, likatiwa kwenye debe, na kila mwaka kabla ya Idi ukaliosha kwenye karai kutafuta chembe za dhahabu zilizodondoka. Mwaka huu haupo, na sisi wanao tunajua kuosha vyombo tu. Mama akamwita Waitara. Alikuja, akasema, "Shikamoo, mama," bila kuinua macho, akainamia karai.

Alitikisa, akamwaga, akatikisa tena. Mara mikono ikasimama.

"Mama, hii siyo dhahabu," akasema. "Ila njoo uone."

Kulungu huyo hapo, na pembe zake zote. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tumepata machimbo uani. Waitara alikaa chini palepale kwenye matope akalia, na sisi tukalia naye huku tunacheka.

Tokeni imerudi kwenye kitambaa chako chekundu. Waitara naye amerudi, anakunywa chai karakanani kama zamani.

Unakumbukwa na mkeo Zaitun, wanao Yasmini na Lukmani, dada yako Sabaha wa Mugumu, wajukuu wote, na Waitara wa Nyarero, tuliyemwandika hapa pamoja na ndugu zako ili mtaa mzima usome.

Hututoki moyoni, Baba, siku zote tutakazoishi.