Silinda Nne Kwenye Mlima wa Kwenu

Mlamu wangu Yoramu,

Barua kwa mtu aliye hai huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, ndiyo maana nimeshika kalamu tangu asubuhi na bado sijui pa kuanzia. Basi nianze na gari, maana ndilo lililonikaba koo.

Unaikumbuka siku ile Mbeya. Gari lilikuwa la aina moja, viti vya watu watano na mlango mpana nyuma, ila injini zilikuwa mbili za kuchagua. Yule muuzaji Mhindi mwenye miwani alifungua boneti la kwanza, silinda nne. Akafungua la pili, silinda sita. Alisema ndogo hainywi petroli nyingi na vipuri vyake havisumbui, lakini kubwa ndiyo ya watu wa milima. Ukaomba tuijaribu hiyo kubwa. Tulipanda kilima cha nje ya mji tukiwa wanne ndani, kwa gia ya tatu, mpaka juu, hukugusa klachi. Ukageuka kunitazama, unacheka kama mtoto aliyepewa muwa.

"Mlamu, hii itamfikisha mama nyumbani."

Mama yako alikuwa anakaa nanyi Tunduma tangu miguu ilipoanza kumvimba, na kila msimu wa mavuno aliililia Itumba, kwenu mlimani. Ulirudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo na neno hilo moja moyoni.

Mimi ndiye niliyekataa. Niliongea habari za petroli. Niliongea vizuri, mlamu, mpaka muuzaji akawa anaitikia kwa kichwa. Lakini haikuwa petroli. Nilikuwa naiogopa ile injini. Wewe uliendesha malori ya mgodi. Mimi nilikuwa nimejifunza juzi tu, na tulikubaliana gari liwe wiki moja kwako, wiki moja kwangu Ndalambo. Nilijiona nimeikanyaga ikanitupa mtaroni, watu wamejaa wananicheka. Nikaona haya kusema naogopa. Ukafunga boneti la ile kubwa, ukasema, "Mlamu amefikiria mbali." Tukachukua ndogo.

Sitaisingizia. Huku tambarare ni gari zuri. Asubuhi ya baridi unazungusha hendeli mara moja linawaka, na safari ya Ndalambo hadi Tunduma na magunia mawili nyuma haliulizi kitu. Ila ukilielekeza mlimani na mzigo, linahema. Wewe ulikuwa unasimama njiani kulimwagia rejeta maji huku unapiga mluzi. Hukuwahi kunirudishia neno.

Kisha kifua chako kikakataa, tukakupeleka kwenu.

Tulitoa viti vya nyuma tukalaza jeneza. Halikuenea. Tukafunga mlango kwa kamba, kichwa cha jeneza kikabaki nje. Mama yako alikaa mbele karibu nami, mkeo Tabita, dada yangu, na watoto wako wakafuata na lori la mchungaji. Mpaka chini ya ule mlima wa mwisho tulikwenda vizuri. Hapo nikaweka gia ya kwanza. Gari likapanda kidogo, likatetemeka, likazima. Nikaliwasha tena. Likazima, likaanza kurudi nyuma, vijana waliokuja na lori wakaweka mawe kwenye matairi. Wakashuka wote kusukuma. Halikwenda.

Dereva wa lori akasema nilipandishe kwa rivasi, kwamba gia hiyo ina nguvu kuliko ya kwanza. Ni kweli ina nguvu. Tukaligeuza. Nikakupandisha kwenu kinyumenyume, Yoramu, jeneza limetangulia na mimi nimepinda shingo nakutazama wewe. Na kila nilipogeuka mbele kupumzisha shingo, nilimwona mama yako. Alikuwa ameshuka. Alikuwa kati ya vijana, mikono yote miwili juu ya boneti, na ile miguu yake, ananisukuma huku tunatazamana kupitia kioo.

Tulipotokea uwanjani kwenu kilio kikakatika. Watu hawakujua walie au watazame. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi.

Hilo ningelibeba. Lakini kwenye matanga baba yako mdogo, Mzee Anania, alisema mbele ya wote, "Miaka yote ile mgodini, na bado ameshindwa kununua injini ya kumfikisha kwao. Ubahili huu ameufuata wapi?" Watu wakaguna kukubali. Nikamtazama Tabita. Nilijua sasa atanitaja. Akajifuta macho akasema, "Hata mimi nilimuuliza kwa nini amechukua ndogo. Aliniambia ameipenda mwenyewe."

Hukumwambia. Hata mkeo, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, hukumwambia. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikanywa. Nikarudi Ndalambo na gari letu na ulimi wangu mzima kinywani.

Mwezi uliopita nilipanda Itumba, gari tupu, kumchukua Tabita na watoto waliobaki huko tangu matanga. Nilimkuta mama yako uani anajipaka mafuta miguuni. Hakuniuliza habari za njiani. Aliniuliza, "Ile injini nyingine, ingepanda?"

"Ingepanda, mama."

"Na ndani na mimi na yeye?"

"Ingepanda."

"Sasa mwanangu aliikatalia nini?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Aliitaka, mimi ndiye niliyeikataa, na sababu ni woga. Aliendelea kujipaka mafuta, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Usiniambie mimi peke yangu. Kawaambie waliomsema."

Jumapili, baada ya ibada, nikasimama nje ya kanisa nikawaambia. Nilipofika kwenye neno "niliogopa", vijana wawili walicheka, na Mungu ananiona, kicheko chenyewe kilikuwa kile kile nilichokikimbia Mbeya. Mzee Anania akavua kofia. "Basi tumemtukana maiti bure," akasema, akaondoka bila kunipa mkono.

Tulipokuwa tunashuka Tabita aliniachia kiti cha mbele kitupu. Alikaa nyuma na watoto. Tulipofika nyumbani kwenu Tunduma akateremka, akazunguka mpaka dirishani kwangu, akanyoosha kiganja.

"Kaka, funguo. Wiki zako zote sasa ni zangu. Utakuja kunifundisha, kisha utarudi kwako kwa miguu."

Nikampa. Mlamu, ungemwona! Anakanyaga kwa nguvu, anabadilisha gia kwa kelele, askari wa mpakani wanaruka pembeni na wanawake wa sokoni wanampigia vigelegele. Wapo wanaomcheka. Anawapungia mkono. Mimi nakaa kando yake nimeshika kiti, na ile haya inanirudia upya, maana yeye pia anaogopa, ananiambia waziwazi kwamba anaogopa, na anaendesha.

Kunisamehe bado. Ananipa chakula, ananiita kaka, lakini macho hayatui kwangu. Simharakishi. Wewe ndiye ungetupatanisha kwa neno moja la utani, na hupo.

Sikuombi kitu, mlamu. Ulikwisha kunipa kuliko nilivyostahili. Ninakuahidi hivi: wanao wakikua, wataisikia habari hii kutoka kinywani mwangu, yote, kabla mtu mwingine hajawahadithia. Watajua baba yao hakuwa bahili. Watajua mjomba wao alinyamaza, na baba yao ndiye aliyepokea lawama.

Lala salama huko juu kwenye baridi ya kwenu. Tabita ananiita, gari limewaka.

Mlamu wako,
Labani