Neno Moja la Maji

Bi Herminia mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kazini, juu ya karatasi ya kukatia vitambaa, maana nyumbani siwezi, nikishika kalamu tu machozi yananitoka na mtoto anaanza kuniuliza nina nini, na naomba unisaidie hata kama utanigombeza, nimekusikia redioni ukiwagombeza wenzangu na safari hii nastahili.

Naitwa Zunilda, nina miaka arobaini na mmoja, nashona sare za shule hapa Luque, nina mume, Rogelio, na mtoto mmoja tu, Yanina, wa miaka kumi. Mama yangu mzazi, Bi Celsa, tunaishi naye tangu Yanina azaliwe, yeye ndiye aliyemwogesha na kumpakata mimi nikiwa kwenye cherehani, na mtoto alianza kusema kwa Kiguarani cha mama yangu, lugha yetu ya asili, wakichekeana wawili hao jikoni nilikuwa najisahau nikiwasikiliza mpaka pasi inaunguza nguo.

Yanina alipofika miaka minne mwalimu wake akaniita, akaniambia mbele ya wazazi wengine, "Mama Yanina, huyu mtoto anachanganya maneno, kwani nyumbani mnamwongelesha kishamba?" Watu wakacheka, na mimi Bi Herminia nikakumbuka magoti yangu, maana nilipokuwa darasa la kwanza niliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiguarani, kwa Kihispania sikujua inasemwaje, nikapigishwa magoti juu ya punje za mahindi na nikajikojolea pale pale. Basi siku hiyo nikarudi nyumbani na hasira zangu nikasema, "Mama, kuanzia leo na mtoto ni Kihispania tu." Mama akacheka, "Kihispania changu ni cha kununulia chumvi, mwanangu, nitamlea nacho vipi?" Nikamjibu, "Basi nyamaza."

Nilimwambia mama yangu anyamaze, na akanyamaza. Miaka sita amemwambia mjukuu wake njoo, kula, vaa viatu, Mungu akubariki, basi.

Mwaka jana mwezi wa nane akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na Kihispania chake chote kikaondoka, daktari akasema hutokea hivyo, lugha aliyonyonya nayo ndiyo imebaki. Yanina alishakisahau Kiguarani, haelewi hata neno. Asubuhi bado anaunganisha viganja kumwomba bibi yake baraka kama tulivyolelewa wote, lakini anaomba akiwa mlangoni, haraka haraka, kisha anakimbia.

Sasa sikia kilichotokea. Jumanne moja mwezi huu wa kwanza, joto lile unalijua, jirani anayekaa na mama alikwenda msibani na mimi nilikuwa na sare za watu za kumaliza, nikamwachia Yanina bibi yake kwa mchana huo. Mtungi wa maji ya barafu niliuweka kwenye kimeza, pale kichwani pa kitanda. Nimerudi saa kumi na moja namkuta mtoto amepiga magoti, kaushika mkono wa kushoto wa bibi yake, analia na anasali. "Mama, Bibi anakufa! Anaugulia tangu saa saba, nimempepea, nimemwombea, haachi!" Na mama midomo imepasuka kwa ukavu, macho kwenye mtungi, anasema, "Y... y..."

Bi Herminia, wewe unajua. Maji kwetu ni hiyo sauti moja, inatoka kooni, na asiyeijua atasema mtu anaumwa. Mama alikuwa anaomba maji, mchana kutwa, na mtungi uko hapo, mtoto angenyoosha mkono tu.

Nikamnywesha mpaka maji yakamtiririka shingoni, nikawa namwambia, "Pole mama, polepole," kwa Kihispania, kwa sababu mtoto alikuwepo, ndivyo nilivyozoea. Yanina akauliza, "Alikuwa anasema nini?" Nikamwambia maji. "Maji tu?" Akautazama ule mtungi. Tangu siku hiyo haingii chumbani, hata baraka haombi, na juzi nimemsikia anamwambia paka, "Mimi ndiye niliyemnyima Bibi maji."

Rogelio anasema tumpeleke mama kwa kaka yangu Porfirio, kule mashambani Caazapá. "Hapa nani anamwelewa? Kule hata mbwa wanamwelewa." Si mtu mbaya, kila jioni ndiye anayembeba mama kumtoa barazani apate upepo. Porfirio amekubali, anakuja na gari Jumapili ijayo. Nimpeleke? Naogopa mama akiondoka hivi, Yanina hatamtazama tena usoni, na miaka iliyobaki si mingi.

Ni mimi Zunilda, Luque.

*

Zunilda mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili ilibidi nivue miwani nifute. Pole. Mpe pole mtoto, na mama yako mpe pole kubwa zaidi. Sasa kaa vizuri nikugombeze, si umetaka mwenyewe.

Eti hapa nani anamwelewa! Kwani wewe ni nani, mpangaji? Lugha ya mama yako unayo mdomoni, nzima, hukupata kiharusi wewe. Na huyo Rogelio, akimtukana refa kwenye mpira anamtukana kwa lugha gani? Usiniambie Kihispania, nimezaliwa nchi hii hii. Ndani ya nyumba yenu kuna watu watatu wanaojua maji yanaitwaje, na wa nne mmemficha.

Unajua kilichoniuma kuliko mtungi? Mama yako ametoka kwenye kiu ya mchana mzima, na wewe mwanawe unampa pole kwa lugha ambayo hana tena. Mwalimu hakuwepo pale chumbani. Hakuna aliyekuwa anakucheka. Bado ukaogopa.

Magoti yako nayaonea huruma, tena ya kweli. Mimi niliwekewa chumvi ya mawe. Na nilipozaa, nikawafanyia wanangu hayo hayo uliyomfanyia Yanina, nikijiona mama mwerevu. Mama yangu amekufa mwanangu mkubwa akimwitikia kwa kichwa tu, kama mgeni, na mimi nimekaa katikati nawatafsiria habari za mvua. Kwa hiyo sisemi nawe nikiwa juu ya kiti. Nasema kwa sababu mama yako bado anapumua na wangu hapumui.

Usimpeleke. Porfirio mpigie simu, mwambie Jumapili aje na jibini, amsalimie mama yake, ale, arudi na gari tupu. Na huyo mama mwenyewe, je, mlimuuliza? Mmeniandikia mimi wa redioni kabla ya kumuuliza yeye, jamani!

Halafu kaa na Yanina. Mweleze habari ya magoti yako yote, na kujikojolea usiifiche. Mwambie wazi: wewe hukumnyima Bibi maji, mimi ndiye niliyekunyima neno. Mwambie pia kwamba alidhani bibi yake anakufa na hakukimbia, alikaa naye saa nne, ameshika mkono. Watu wazima wangapi wangekaa? Mtoto huyo anampenda bibi yake, hilo halijavunjika, lililovunjika ni lako wewe kuliunga.

Kihispania chake kiko salama, mwalimu amekitia na hakuna wa kukinyang'anya. Wewe anza leo kusema na mama yako kwa sauti, mtoto akisikia, habari za nyumba, za sare, umbea wa jirani, vyote. Wiki za kwanza ulimi utakuwa mzito kwa aibu. Acha uwe mzito, lakini sema.

Na mwombe mama yako radhi, kwa Kiguarani. Huenda asijue unaomba radhi ya nini, huenda akakuuliza kama umekula. Mjibu kwamba umekula, kisha omba tena. Sitakudanganya kwamba miaka sita itarudi. Haitarudi, na hiyo utailia mwenyewe.

Kabla ya yote mfundishe Yanina neno moja tu, lile lile. Mwambie atabasamu kidogo, meno yakaribiane, sauti aivute kutoka kooni. Ataikosea, na atachekesha. Mjazie glasi, mwache aingie chumbani peke yake, aseme hilo neno na ampe bibi yake anywe. Wewe baki nje, usitafsiri kitu. Hataweza kuunganisha viganja maana vitakuwa vimeshika glasi, lakini Bi Celsa atambariki hivyo hivyo, kwa mkono wake wa kushoto.