Lugha Mbili Nilizodai Kuzijua

Kindu, Alhamisi, mwezi una siku nne. Mvua tangu alfajiri. Mto umejaa na umekuwa mwekundu, na mimi sikwenda barazani.

Watasema naumwa. Na waseme.

Nimeandika risala nyingi za kuwavunja watu: matajiri wa Kasongo, walimu wenzangu, hata shemeji yangu. Dhidi yangu mwenyewe sijaandika mstari hata mmoja. Leo naanza, na mkono ni mzito.

Nilipokwenda kuhiji nilipanga chumba Makka pamoja na watu wawili. Mmoja alikuwa Mwislamu wa China, muuza dawa za mizizi, aliyeishi Korea miaka mingi. Wa pili alikuwa mzee Mwabkhazi, aliyefukuzwa na Warusi kwenye milima ya kwao, juu ya Bahari Nyeusi. Nikawaomba maneno. Mchina akanipa arobaini ya Kikorea, mzee akanipa arobaini ya Kiabkhazi, yote nikayaandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikutosha hata nusu ya sauti za yule mzee. Yeye anatoa sauti tatu, mimi naandika herufi moja. Mwishowe alicheka, akaacha kunisahihisha.

Walinieleza na mengine. Katika Kikorea, alisema Mchina, tendo hukaa mwisho wa maneno, na humo ndani husikika kama unayesema naye ni mkubwa wako au mdogo wako. Lakini nani aliyetenda, mara nyingi huachiwa msikilizaji ajue mwenyewe. Mzee akasema kwao pia tendo huja mwisho, ila la kwao hubeba watu wote mgongoni, mtoaji na mpewaji na kitu chenyewe, kama sisi tunavyosema "nitakupa" kwa neno moja, na kuzidi hapo.

Mtu mwenye akili angeona tofauti. Mimi niliona tendo limekaa mwisho pande zote mbili, nikatangaza kwamba lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja. Nikaandika risala. Mwalimu Khalfani, mpinzani wangu wa siku zote, aliposema barazani kwamba maneno arobaini hayamfanyi mtu aijue lugha, nilimjibu kwamba zote mbili nazisema kama Kiswahili.

Watu wakamzomea yeye. Nilifurahi sana siku ile. Naikumbuka furaha yenyewe, na inanichoma.

Habari hupanda mto na wapiga kasia. Ikamfikia fundi Hasani, mtengeneza bunduki wa Nyangwe. Huyu ni Mwabkhazi. Walihamishwa kwao yeye akiwa mtoto wa miaka mitano, akakulia jeshini Misri, akaja huku na msafara kutoka Unguja. Juzi alifika kwetu, nusu ya njia kwa mtumbwi, nusu kwa miguu, magoti yamevimba. Alinikuta barazani.

"Mwalimu, njo weye unajua luga ya kwetu?"

Walikuwapo watu kumi, na Khalfani mmoja wao.

"Njo mimi," nikasema kwa Kiswahili chake, yaani ndiye mimi.

Fundi ana sentensi moja tu ya Kiabkhazi. Mama yake alikuwa akimwambia maneno hayo merikebuni, siku zile za kuhamishwa, tena na tena, mpaka homa ilipomuua. Sauti zake anazo zote, maana yake hana. Kule Misri aliona haya kuuliza, na huku hapana wa kumwuliza. Akayasema polepole, amefumba macho.

Sikutambua hata neno moja.

"Mama yako anasema: nenda salama, mwanangu, Mungu yuko nawe."

Akafumbua macho. Kisha akaniomba nimwandikie, nikamwandikia kwa mwandiko wangu mzuri, na akapeleka karatasi kwa mshona ngozi aitie ndani ya hirizi, kama tunavyotia aya. Jana alipita mlangoni kwangu ameivaa shingoni, akanibusu mkono.

Mke wangu, Mama Asha, ni Mulega wa msituni, aliletwa mjini angali msichana. Nilimweleza jambo hili nikitaka anifariji. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakusimamisha ungo.

"Baba Asha, ulimupa muntu uongo avae mu shingo?"

"Nilitaka kumfurahisha."

"Ulitaka kumushinda Khalfani." Akapuliza makapi. "Mie pia niko na mama. Weye unajua maneno ya Wakorea, ile ya Kilega uliniuliza hata moja?"

Nikachukua kofia, nikatoka. Mimi, mtu wa majibu.

Asubuhi hii nimekwenda mtoni kwenye mvua. Fundi alikuwa kwenye kibanda cha Wagenya, wapiga kasia wa mto huu, akingoja mtumbwi wa kumrudisha. Nimemwambia yote, hata habari ya Khalfani. Sikusingizia herufi, sikumsingizia yule mzee wa Makka.

Hakunitukana. Alitoa kisu, akapasua mshono wa hirizi, akaivuta karatasi.

"Shika, Mwalimu. Njo yako."

"Nisamehe, fundi."

"Nitakusamehe, Mungu akipenda. Lakini sikia. Miaka yote hii, nikisema ile maneno, nilisikia sauti ya mama. Tangu juzi nasikia yako."

Akapanda mtumbwi. Mgenya mmoja alimpa jani la mgomba ajifunike, naye akajifunika, hakugeuka.

Karatasi ninayo hapa. Imelowa, lakini inasomeka.

Kesho ni Ijumaa. Baada ya sala nitasimama mbele ya Khalfani na watu wote niseme kwamba sijui Kikorea, sijui Kiabkhazi, na kwamba risala yangu ni upuuzi wa mtu asiyependa kushindwa. Walio na nakala kule Kasongo nitawaandikia waichome.

Lakini nimeshaanza kuipanga hotuba. Tangu adhuhuri najikuta natafuta neno kali la kufungulia, mahali pa kupaza sauti, mahali pa kutua ili watu wainamishe vichwa. Nimeshamwona Khalfani akifuta machozi, nami nimependezwa.

Kesho nitasimama kusema kweli, au kushinda tena?